Mkataa Pema

Katika miaka thelathini na minane ya ualimu wangu, methali niliyoitumia kuliko zote ni ile isemayo: mkataa pema, pabaya panamwita. Niliiandika ubaoni, niliitia katika mitihani ya insha, niliwaambia wanafunzi watoro na walimu walionijia ofisini na manung'uniko yao. Niliizoea tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, ambako mkufunzi wetu alituambia kwamba mwalimu mwema ni yule anayekwenda anakopelekwa na kushukuru kwa alichopewa. Sasa nina umri wa miaka sabini na sita. Sina mwajiri wa kumwogopa wala cheo cha kukilinda, na nataka kusema wazi kwamba methali hii tumeitumia vibaya. Tumeifanya fimbo ya kuwachapia watu wanaodai haki zao.

Ushahidi wangu nautoa mbali kidogo, katika maisha ya Mmarekani mmoja aliyecheza besiboli, jina lake Curt Flood. Huenda msomaji akacheka na kuuliza, mzee wa Kitanzania na besiboli wapi na wapi? Ana haki ya kucheka. Hata mimi nisingemjua mtu huyo kama binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, asingenialika mwaka 2017 kukaa kwake kwa miezi mitatu. Jirani yake alikuwa mzee wa rika langu. Tulizoeana upesi, kwa kuwa sote wawili tulikuwa wastaafu tusio na la kufanya mchana, naye ndiye aliyenifundisha mchezo ule mbele ya televisheni yake. Siku moja akaanza kunisimulia wachezaji wa ujana wake. Alimsifu sana Flood, jinsi alivyokuwa akikimbia na jinsi alivyokuwa akidaka. Kisha akatikisa kichwa, akasema kwamba mtu yule alijiharibia mwenyewe: alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, alitaka nini zaidi?

Nilinyamaza. Yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe, ila yamesemwa kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo nimesoma habari za Flood kila nilipozipata, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba yule mzee amekosea, nami nilikosea pamoja naye.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Katika besiboli timu inayolinda huwa na watu tisa uwanjani. Watatu kati yao husimama nyuma, mbali sana na mpigaji, na kazi yao kubwa ni kuifuata mipira iliyopigwa juu na kuidaka kabla haijagusa ardhi. Yule wa katikati ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote. Hapo ndipo aliposimama Flood, katika timu ya St. Louis Cardinals, kwa misimu kumi na miwili, tangu 1958 hadi 1969.

Alizaliwa Houston, Texas, mwezi Januari 1938, akakulia Oakland, California. Hakuwa mtu wa umbo kubwa. Lakini kwa miaka saba mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969, alipewa tuzo ya Glovu ya Dhahabu, ambayo hupewa walinzi bora wa kila nafasi. Tangu Septemba 1965 hadi Juni 1967 alicheza mechi 226 mfululizo bila kufanya kosa hata moja la ulinzi, na msimu mzima wa 1966 ulipita hivyo. Hata kwa gongo hakuwa nyuma. Mwaka 1964 alipiga mipira 211 iliyomfikisha salama kituoni, akawa sawa na Roberto Clemente katika kuongoza ligi yao. Wastani wake wa maisha ulikuwa .293, yaani karibu mara tatu katika kila kumi alimshinda mtupaji, na katika mchezo ule hicho ni kiwango cha mchezaji mzuri sana. Timu yake ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1964 na tena mwaka 1967.

Mwaka 1968 walifika fainali kwa mara nyingine, dhidi ya Detroit. Katika mechi ya saba, ya mwisho kabisa, timu zikiwa bado hazijapata pointi, mpira ulipigwa kuelekea kwake. Flood aliukadiria vibaya, akaenda mbele kidogo, na alipogeuka akateleza. Mpira ukampita, Detroit wakapata pointi mbili, na St. Louis wakapoteza ubingwa. Baada ya mechi alimwambia mtupaji wao, Bob Gibson, kwamba kosa lilikuwa lake. Hakusingizia jua wala nyasi. Nalitaja jambo hili makusudi, maana baadaye watu walimwita mtu wa visingizio.

Sasa tuje kwenye kiini cha neno. Mkataba wa kila mchezaji wa besiboli ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kuurefusha kwa mwaka mmoja zaidi kwa masharti yale yale, hata kama mchezaji hakutia saini. Klabu zilikifasiri kifungu hicho kwamba mwaka huo wa nyongeza nao unarefushwa, na unaofuata pia, bila mwisho. Maana yake ni nini? Mchezaji aliyesaini mara moja akiwa kijana wa miaka kumi na minane alikuwa mali ya klabu mpaka imchoke. Klabu iliweza kumuuza, kumbadilisha kwa mchezaji mwingine au kumfukuza. Yeye hakuweza kwenda popote. Akikataa, aliambiwa akatafute kazi nyingine, kwa kuwa klabu zote zilikuwa zimefunga agano la kutochukua mchezaji wa mwenzao. Na mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba besiboli si biashara ya kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo sheria zinazokataza makampuni kula njama dhidi ya ushindani haziigusi. Ndondi ilinyimwa kinga hiyo mwaka 1955, na mpira wa miguu wa Kimarekani ukanyimwa mwaka 1957. Besiboli peke yake ilibaki nayo.

Flood aliujua mfumo huo tangu mwanzo. Cincinnati walimsajili mwaka 1956, wakampeleka kwenye timu ndogo za Kusini, katika siku ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika mgahawa mmoja na wenzake weupe. Alisimulia mwenyewe jinsi siku moja, kati ya mechi mbili zilizochezwa kwa mfululizo, alivyoitupa jezi yake iliyolowa jasho katika rundo la jezi za wenzake, na mtunza vifaa akaitoa kwa kijiti kirefu, kana kwamba ina ukoma, ili ipelekwe kufuliwa kwa dobi wa weusi. Wenzake wakavaa jezi safi wakatoka. Yeye alikaa uchi akingoja yake. Mwishoni mwa 1957 Cincinnati wakampeleka St. Louis bila kumwuliza. Alikwenda. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya kuwa bingwa wa nchi, alikodi nyumba huko Alamo, California, na mwenye nyumba alipogundua kwamba mpangaji wake ni mweusi akamtishia bunduki. Ilibidi apate amri ya mahakama ndipo aingie. Mwaka 1962 alikuwa amekwenda Jackson, Mississippi, pamoja na Jackie Robinson, kwenye mkutano wa kudai haki za weusi. Huyu basi hakuwa mtu aliyeamka asubuhi moja akajikuta na kiburi.

Oktoba 1969, alfajiri, simu ililia. Mfanyakazi wa ngazi ya kati wa klabu alimwarifu kwamba amebadilishwa, yeye na wenzake watatu, kwa wachezaji watatu wa Philadelphia. Miaka kumi na miwili, mabingwa mara mbili, Glovu za Dhahabu saba, na taarifa ikaja kwa simu ya mtu ambaye hakuwa hata na mamlaka ya kumshukuru. Alikuwa na biashara yake St. Louis, na maisha yake yote yalikuwa pale. Philadelphia ulikuwa mji ambao mashabiki wake walimrushia vitu Dick Allen, mchezaji wao mweusi aliyekuwa anabadilishwa kwa Flood, hata akawa anavaa kofia ngumu akiwa amesimama katika nafasi yake ya ulinzi.

Philadelphia waliahidi kumlipa dola zipatazo 100,000. Akakataa. Kabla ya kwenda mahakamani alimwendea Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji. Miller, ambaye alikuwa mtu mkweli, alimwambia kwamba atashindwa kesi, kwamba hatapata tena kazi katika besiboli, hata ya ukocha, na kwamba asahau kabisa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa lililoko Cooperstown, New York. Flood aliuliza jambo moja tu: je, kesi hiyo itawafaa wachezaji wengine, na wale watakaokuja? Miller akamjibu kwamba itawafaa. Flood akasema hilo linamtosha.

Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn. Alimwambia kwa adabu kwamba baada ya miaka kumi na miwili hajioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake, na akaomba klabu nyingine zijulishwe kwamba yuko tayari kuzungumza nazo. Kuhn alijibu kwamba anakubali kuwa binadamu si kitu cha kuuzwa, ila haoni hilo linahusiana vipi na mkataba. Januari 1970 Flood akafungua kesi.

Hapa ndipo wanapoingia wale wa dola 90,000. Alipoulizwa kwenye televisheni inawezekanaje mtu mwenye mshahara kama ule alalamike, Flood alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Watu wengi walikasirika. Hata leo wapo wanaoona kwamba neno lile lilikuwa matusi kwa watumwa wa kweli, waliofungwa minyororo na kufa mashambani. Pingamizi hilo nalipa heshima yake. Sisi wa pwani hii, tulio na Bagamoyo na Mkunazini, hatuwezi kulitamka neno utumwa kwa mzaha. Mtumwa wa kweli asingeweza kumfungulia kesi bwana wake, wala asingekuwa na nyumba na akiba ya benki.

Lakini msomaji na alitazame swali lenyewe. Flood hakusema analipwa kidogo. Alisema hana sauti katika neno la wapi atafanya kazi na kwa nani. Kumjibu mtu huyo kwa kumtajia mshahara wake ni sawa na kumjibu anayelalamika kiu kwa kumwonyesha sahani ya wali. Nitakwenda mbali zaidi: kumtajia mshahara ndiyo namna tunayoitumia siku zote kuukwepa mjadala. Machi 1969 mwenye klabu ya St. Louis, tajiri wa bia August Busch, aliwakusanya wachezaji wake mbele ya waandishi wa habari akawakemea kama watoto, kwamba wamekuwa wenye tamaa na hawakumbuki fadhila. Maneno yale ningeweza kuyaandika mimi. Kila bosi anayo hotuba hiyo mfukoni. Huifundisha shukrani kwa anayepokea, na yeye mwenyewe hajifundishi kuuliza.

Kesi ilisikilizwa New York, Mei na Juni 1970. Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za karne ya ishirini, alikuja kutoa ushahidi, nywele nyeupe, macho yameanza kufa kwa kisukari. Hank Greenberg, mchezaji mashuhuri wa zamani, naye alikuja. Lakini miongoni mwa wachezaji waliokuwa bado kazini, hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa mahakamani, achilia mbali kutoa ushahidi. Chama chao kilikuwa kimepiga kura 25 kwa 0 kumuunga mkono. Kura ya mkutanoni ni rahisi. Kukaa kwenye benchi la mahakama, mwenye klabu anakuona, ni jambo jingine. Walikuwa na watoto wa kulisha, nami siwahukumu kwa kuogopa. Nawahukumu wale walioogopa kisha wakamcheka.

Alishindwa katika mahakama ya kwanza, akashindwa kwenye rufaa. Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama Kuu ilimnyima haki kwa kura tano dhidi ya tatu. Jaji Harry Blackmun, aliyeandika hukumu, alianza kwa historia tamu ya mchezo na orodha ndefu ya majina ya wachezaji wa kale, kisha akakiri kwamba kinga ya besiboli ni jambo lisilo la kawaida na lisilolingana na sheria nyingine, lakini akasema kwa kuwa limedumu miaka mingi, Bunge ndilo lilirekebishe. Yaani mahakama ilikiri kwamba chungu kimepasuka, ikaamuru kiendelee kuchotewa maji kwa sababu kimepasuka siku nyingi! Miongoni mwa majaji watatu waliopinga alikuwamo Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo, ambaye mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Huyo alijua mtu asiye na sauti yukoje.

Kufikia hapo Flood alikuwa amekwisha. Msimu wote wa 1970 hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu kurudi na timu ya Washington, akacheza mechi 13 tu, miguu haikumtii tena, akaondoka kabla Aprili haijaisha. Alikwenda kuishi kisiwa cha Majorca, Hispania, akaendesha baa, na pombe ikamwendesha yeye. Alirudi Oakland, akahangaika, akatangaza mechi redioni kwa msimu mmoja, akapambana na ulevi wake. Alikufa kwa saratani ya koo tarehe 20 Januari 1997, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59.

Wenzangu wa barazani nilipowasimulia haya walisema kwa pamoja: unaona? Mkataa pema, pabaya panamwita!

Nawaomba wangoje kidogo. Desemba 1975, miaka mitatu na nusu baada ya hukumu ile, mwamuzi Peter Seitz alisoma kifungu kile kile katika shauri la wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, akaamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Mlango ukafunguka. Kabla ya Flood, wachezaji wenyewe wengi waliamini kwamba bila kifungu kile mchezo utakufa. Alichofanya yeye ni kulitoa jambo gizani na kulijadilisha nchi nzima. Mchezo haukufa. Mwaka 1970 mchezaji wa kawaida alipata wastani wa dola 29,000 hivi. Miaka hii wastani umepita dola milioni 4. Desemba 2024 Juan Soto, mlinzi wa nje kama Flood, alisaini na New York Mets mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15, kwa hiari yake, baada ya kuzisikiliza klabu kadhaa. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaondolea wachezaji wa ligi kuu ile kinga ya 1922, na sheria hiyo ikapewa jina la Curt Flood. Yeye alikuwa kaburini kwa mwaka mmoja na miezi tisa.

Basi pema palikuwa wapi, na pabaya palimwita nani? Pema alipokatazwa kupakataa palikuwa pema pa mwenye klabu. Na pabaya alipokwenda, tulimsukuma sisi, kwa kumwacha peke yake. Methali inatuambia kwamba aliyekataa hupatwa na mabaya. Haituambii nani anayemletea mabaya hayo. Nami najua jibu, kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyekaa pale miaka tisa, mtu mpole, aliyefundisha hesabu za sehemu kwa kukata machungwa. Ilimjia barua ya mistari mitatu ya kumhamishia wilaya iliyokuwa mwendo wa siku mbili kwa basi. Mkewe alikuwa na maradhi ya moyo na alitibiwa katika hospitali iliyokuwa karibu nasi. Hakukataa kuhama. Aliomba aulizwe, na acheleweshwe mpaka matibabu yaishe. Alikuja ofisini kwangu kuniomba niandike barua fupi tu, ya kuthibitisha kwamba asemayo ni kweli.

Sikuiandika. Nilikuwa nangoja kupandishwa daraja mwaka ule. Nilimwambia, "Mwalimu, mkataa pema, pabaya panamwita. Nenda." Na ofisi iliponitaka nitoe maelezo, niliandika kwamba ni mkaidi na ni mfano mbaya kwa wenzake. Walimu wengine kumi na mmoja walijua ukweli, na hakuna aliyefungua kinywa. Akaachishwa kazi. Akawa fundi baiskeli chini ya mwembe sokoni. Mimi nilipandishwa daraja.

Sisemi kwamba uhamisho ni utumwa. Nchi yetu isingejenga shule vijijini kama kila mwalimu angechagua mji wake, nami mwenyewe nilihamishwa mara sita na sehemu nyingine nilizipenda. Nasema kwamba mtu kuulizwa hakuivunji serikali, wala hakuivunji klabu. Kilichoivunja nyumba ya mwalimu yule si sera. Ni mimi, niliyeujua ukweli nikauita ukaidi.

Alipofariki mwaka 2011 niliombwa nizungumze kwenye mazishi. Nilimsifu sana. Nilisema alikuwa mwalimu wa mfano. Watu walilia, nami nikalia, kisha nikala pilau nikarudi nyumbani.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini habari ya Cooperstown inanichoma. Bowie Kuhn, aliyeikataa barua, aliingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 2008. Marvin Miller, aliyemwonya, alichaguliwa mwaka 2019, akiwa amekwisha kufa. Dick Allen, ambaye Flood alitakiwa abadilishwe kwake, alichaguliwa Desemba 2024, naye akiwa marehemu. Bob Gibson yumo, Lou Brock yumo, kocha wao Red Schoendienst yumo. Hadi ninapoandika haya, Curt Flood hayumo. Waandishi wa besiboli walipiga kura juu yake kwa miaka mingi. Kura zinazotakiwa ni asilimia 75, naye hakufika hata robo.

Wanaompinga wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba takwimu zake hazitoshi. Labda. Lakini takwimu hizo zilikatika akiwa na miaka 31, na zilikatwa na jambo lile lile tunalolijadili. Huwezi kumkata mtu mguu kisha umlaumu kwa kutomaliza mbio. Na kama takwimu ndizo mizani pekee, Kuhn alipiga mipira mingapi? Ya pili ni kwamba alishindwa kesi. Ni kweli, alishindwa, na wengi wanaotangulia hushindwa. Aliyeufungua msitu kwa panga huwa na makovu kuliko aliyepita baadaye barabarani. Ya tatu ni kwamba alikuwa mlevi na hakuwa baba mwema kwa watoto wake. Hilo silitetei, na yeye mwenyewe hakuuficha ulevi wake. Lakini wema wa nyumbani si mizani waliyowapimia wengine wote mle ndani.

Itasemwa kwamba kumwingiza marehemu ni kazi bure, kwani hatasikia. Nilikuwa na wazo hilo pia. Hata hivyo mwaka jana nilikaa mezani nikaiandika ile barua niliyoombwa mwaka 1986. Niliandika kwamba mke wa mwalimu alikuwa mgonjwa kweli, kwamba mwalimu hakuwa mkaidi, na kwamba maelezo niliyoyatoa yalikuwa ya uongo. Nikatia saini na cheo nilichokuwa nacho wakati ule. Nikampelekea mjane wake, ambaye moyo wake, namshukuru Mungu, umedumu kuliko tulivyodhani. Aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka kabatini. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Aliniuliza tu kama anaweza kuwaonyesha wajukuu. Nilimjibu kwamba ni yake, aionyeshe kwa amtakaye.

Basi nawaambia wale wa Cooperstown, kama maneno ya mzee wa mbali yanafika, na zaidi nawaambia walimu wakuu walioko kazini sasa: wajukuu wapo. Wanataka kujua kama babu yao alikuwa mkaidi au alikuwa mkweli, na sisi tunaojua tunawajibika kusema. Heri kusema mtu akiwa hai, akiwa amesimama mbele ya meza yako na barua mkononi. Ukichelewa, sema hivyo hivyo. Wahenga hawakutuachia methali moja tu. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa.